Michezo ya video ya zamani: ile inayosimama bado, na ile iliyochoka

Katika kartie nyingi za miji ya mashariki mwa Kongo, kuanzia Bunia mpaka Uvira, kuko chumba chenye televizyo mbili ao tatu, mashini za PlayStation, na vijana wanaolipa kidogo kidogo kwa kila mechi. Mara nyingi mashini yenyewe ina umri kupita mtoto anayeishika maneti. Hapo ndipo swali linazuka: je, hii michezo ya zamani iko na ladha bado, ao watu wanaicheza tu juu hawana pesa ya kununua mipya?

Swali hilo haliulizwi Kongo peke yake. Huko Japani, Marekani na Ulaya, watu wazima wananunua tena michezo waliyocheza wakiwa watoto, na wengine wanashangaa: kile walichokumbuka kuwa kizuri sana, leo kinawachosha kwa dakika kumi. Lakini kuko michezo mingine yenye miaka 40 ambayo mtoto wa leo anaishika na haiachi tena. Tofauti kati ya ile na hii inatoka wapi? Maelezo yafuatayo yanaonyesha kinachobakia katika mchezo wa zamani, kinachooza, na kile ambacho kiko katika hatari ya kupotea kabisa.

Zamani ni lini?

Biashara ya michezo ya video ilianza kupata nguvu mwaka 1972, wakati kampuni Atari ya Marekani ilitoa Pong: vijiti viwili vyeupe na kitone kimoja kinachokwenda na kurudi, sawa vile tenisi ya meza. Mwaka 1978, Tomohiro Nishikado wa kampuni Taito, Japani, alitoa Space Invaders. Mwaka 1980, Toru Iwatani wa Namco alitoa Pac-Man. Wakati ule watu walicheza wakisimama mbele ya mashini kubwa, wakiingiza feza ya chuma.

Baadaye michezo iliingia nyumbani. Nintendo ilitoa mashini yake ya nyumbani huko Japani mwaka 1983, na Sony ilitoa PlayStation ya kwanza mwezi wa 12 mwaka 1994. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 mwezi wa 3 mwaka 2000, na iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Ni moja kati ya mashini za kuchezea zilizouzwa sana duniani.

Kwa mtu wa miaka 45, PlayStation 2 ni ya juzi tu. Kwa mtoto aliyezaliwa mwaka 2012, hata mchezo wa 2006 ni wa wazee. Kwa hiyo neno "zamani" linategemea anayesema. Kilicho muhimu zaidi si umri wa mchezo, ni namna ulivyotengenezwa.

Kanuni nzuri haizeeki

Mfano wa kwanza ni Tetris. Alexey Pajitnov aliutengeneza mwaka 1984 huko Moscow, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha ordinatere cha Akademia ya Sayansi ya Muungano wa Sovieti. Ordinatere yake, Elektronika 60, haikuweza hata kuonyesha picha. Vipande vya mchezo vilichorwa kwa alama za maandishi tu, zile za kawaida zinazopatikana kwenye klavie. Hakukuwa rangi, wala muziki.

Hata hivyo, kila kitu cha maana kilikuwa tayari ndani: vipande vya aina saba, kila kimoja kikiwa na miraba minne, vinashuka, unavigeuza, unajaza mstari, mstari unafutika. Kanuni hiyo inaeleweka bila kusoma neno lolote. Mtoto wa Beni na mzee wa Moscow wanaielewa kwa dakika moja. Na kosa liko lako: ukishindwa, unaona wazi mahali ulipoweka kipande vibaya. Hii ndiyo sababu mtu anaanza tena mara moja.

Mwaka 1989 Nintendo iliweka Tetris katika Game Boy, mashini ndogo ya mkononi, na mchezo ukaenea duniani kote. Toleo lingine la mwaka ule, lile la mashini ya televizyo, linachezwa bado katika mashindano. Kwa miaka mingi watu walifikiri kwamba nivo ya 29 ndiyo mwisho, juu vipande vinashuka haraka kupita uwezo wa vidole. Kisha vijana walivumbua namna mpya ya kushika maneti: wanagonga upande wa nyuma kwa vidole kadhaa, moja kisha mwingine, sawa vile mtu anapiga ngoma. Mwezi wa 12 mwaka 2023, mtoto wa Marekani mwenye miaka 13 alifika nivo ya 157, mashini ikashindwa kuendelea, na picha ikasimama. Inahesabiwa kuwa mtu wa kwanza kufikisha mchezo huo mahali unapokwama wenyewe. Mchezo ulikuwa na miaka 34, yeye 13. Ikiwa mchezo unaweza kufundisha kitu kipya kisha miaka 34, ni vigumu kusema umekufa.

Pac-Man nayo inaonyesha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Mtu akiiangalia, anaona tu kichwa cha njano kinachokula vitone na mazimwi manne yanayokifuata. Kumbe kila zimwi liko na akili yake. Lile jekundu linakufuata moja kwa moja. Lile la waridi linalenga mahali mbele yako, ili likukatie njia. Lile la bluu linahesabu mahali ulipo pamoja na mahali lile jekundu liko. Lile la machungwa linakuja, lakini likikukaribia sana linageuka na kwenda kwenye kona yake. Kanuni nne fupi, lakini zikikutana zinaleta hali nyingi ambazo mchezaji anapaswa kuzifikiria. Picha ni ya watoto. Mchezo wenyewe uko sawa vile igisoro ao draughti: unahitaji kuona mbele.

Katika Space Invaders, hata udhaifu wa mashini uligeuka kuwa faida. Adui walikuwa wengi kwenye ekrani na mashini ilikuwa na nguvu kidogo. Mchezaji alipowaua, kazi ya mashini ilipunguka, na wale waliobakia wakaanza kutembea mbio. Nishikado hakulirekebisha jambo hilo. Aliliacha, juu lilifanya mwisho wa kila hatua uwe wa kutisha zaidi. Mpaka leo, michezo mingi inafuata wazo hilo: kadiri unavyokaribia kushinda, ndivyo mambo yanakuwa makali.

Kufundisha bila maneno

Super Mario Bros. ilitoka Japani tarehe 13 mwezi wa 9 mwaka 1985, ikiongozwa na Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Mchezo mzima una kilobaiti 40. Picha moja inayopigwa na telefone ya leo inaweza kuwa na uzito mara 50 ao 100 kupita hapo. Juu ya kubana nafasi, watengenezaji walitumia umbo moja kwa mawingu na kwa vichaka: juu angani wanalipaka nyeupe, chini wanalipaka kijani. Watu wengi walicheza miaka mingi bila kuona.

Lakini kinachofanya mchezo usimame leo ni dakika yake ya kwanza. Mario anaanza upande wa kushoto, nafasi iko wazi upande wa kuume, kwa hiyo mtu anaelewa kwamba anapaswa kwenda kule. Adui wa kwanza anakuja polepole. Usiporuka, unakufa, lakini hujapoteza kitu, juu ndiyo kwanza umeanza. Ukiruka, kuko nafasi kubwa ya kugonga tofali lenye alama ya kuuliza, na kitu kinatoka. Kisha uyoga unatoka, unagonga bomba, unarudi kwako. Hata ukitaka kuukimbia, ni vigumu. Unaugusa na Mario anakuwa mkubwa. Hakuna hata sentensi moja iliyoandikwa, lakini mchezaji amekwisha kujifunza kutembea, kuruka, kuua na kukua.

Michezo mingi ya sasa inaanza na maelezo ya nusu saa: bonyeza hapa, soma hapa, ngoja kwanza. Kwa mtu anayelipa chumba kwa dakika, maelezo hayo ni pesa inayopotea. Hapo mchezo wa 1985 unaupita ule wa leo, na si kwa sababu ya kukumbuka utoto.

Kinachooza: mikono na macho

Sasa upande mwingine. Kuko kipindi kimoja ambacho michezo yake mingi imezeeka vibaya kupita ile iliyoitangulia: miaka ya 1995 mpaka 2000 hivi. Ni wakati watengenezaji walitoka kwenye picha bapa na kuingia kwenye picha zenye kina, ambamo mchezaji anaweza kuzunguka kila upande. Hakuna aliyejua bado namna nzuri ya kufanya hivyo. Kila mmoja alijaribu kivyake.

GoldenEye 007 ya mwaka 1997, kwenye Nintendo 64, ni mfano unaojulikana. Wakati ule ilisifiwa sana, na watu wanne waliweza kupigana kwenye televizyo moja. Lakini maneti ya Nintendo 64 ilikuwa na kijiti kimoja tu. Leo mchezaji amezoea vijiti viwili: kimoja cha kutembea, kingine cha kuangalia. Akishika GoldenEye ya asili, anajisikia sawa mtu anayeendesha gari ambalo pedali zake zimebadilishwa. Tena picha inakwamakwama wakati wa milipuko mingi. Mchezo uliporudishwa kwenye Xbox mwezi wa 1 mwaka 2023, uliwekewa matumizi ya vijiti viwili. Kanuni ilikuwa nzuri bado; mikono ndiyo ilikuwa imebadilika.

Tomb Raider ya 1996 inaleta somo lenye utata kidogo. Lara Croft haendi moja kwa moja upande unaosukuma. Anageuka kwanza, kisha anatembea, sawa vile kifaru cha vita. Wengi leo wanaona hiyo ni kosa. Lakini mapango ya mchezo ule yalijengwa kwa miraba yenye kipimo kimoja, na kila mruko wa Lara unahesabiwa kwa miraba. Ukijua kwamba akirudi nyuma hatua moja kisha akikimbia ataruka miraba fulani, unaweza kupima kabla ya kuruka. Toleo jipya la mwezi wa 2 mwaka 2024 liliwapa wachezaji uhuru wa kuchagua kati ya namna ya zamani na ya kisasa. Na kuko waliojaribu ya kisasa, kisha wakarudia ya zamani, juu mapango yale yalitengenezwa kwa ajili yake. Kwa hiyo si kila kitu kinachoonekana kigumu ni kibaya. Kingine kinaomba tu uvumilivu wa saa moja.

Kuko pia mambo ambayo hayategemei mchezo, yanategemea televizyo. Duck Hunt ya mwaka 1984, mchezo wa kupiga bata kwa bunduki ya plastiki, haifanyi kazi kwenye televizyo bapa za leo. Ile bunduki haitoi kitu, inapokea mwangaza. Ukivuta, ekrani inakuwa nyeusi kwa kitambo kidogo sana, kisha mraba mweupe unaonekana mahali bata alipo. Bunduki ikiona ule mweupe kwa wakati uleule, unahesabiwa kuwa umepiga. Televizyo ya kisasa inachelewesha picha kidogo, na ucheleweshaji huo unatosha kuharibu hesabu yote. Mwenye kutaka kuucheza kama zamani anapaswa kutafuta ile televizyo nene yenye kisogo kikubwa, ambayo wengi wamekwisha kuitupa.

Na mingine ilikuwa mibaya tangu mwanzo

Kuko wanaosema "michezo ya zamani yote ilikuwa mizuri." Sivyo. Tunakumbuka ile mizuri juu ile mibaya imesahauliwa.

Mwaka 1982, Atari ilitaka kuuza mchezo wa filamu E.T. kabla ya Noeli. Mtengenezaji wake, Howard Scott Warshaw, alipewa majuma matano hivi. Katika mchezo, E.T. anaanguka kila mara ndani ya mashimo, anatoka kwa shida, anaanguka tena. Kaseti nyingi zilibakia bila wanunuzi. Mwaka 1983 Atari ilizika shehena ya kaseti katika jalala la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico, na mwaka uleule biashara ya michezo ya nyumbani ilianguka vibaya Marekani. Kwa miaka 30 watu walibishana kama hadithi ya kaseti zilizozikwa ni ya kweli. Mwezi wa 4 mwaka 2014 walichimba, wakazikuta.

E.T. inafundisha kwamba haraka ya biashara iliharibu michezo zamani sawa vile inavyoiharibu leo.

Mpira: PES, FIFA, na swali la vijana

Kwa wengi wanaosoma hapa, mchezo wa video maana yake ni mpira. Kampuni mbili zilishindana miaka mingi: EA ya Marekani, iliyoanza na FIFA International Soccer mwaka 1993, na Konami ya Japani, yenye Winning Eleven, ambayo Ulaya inaitwa Pro Evolution Soccer ao PES.

PES 6 ya mwaka 2006 inachezwa bado na watu wengi kwenye PlayStation 2 na kwenye ordinatere. Picha yake imepitwa, watazamaji uwanjani wako sawa makaratasi, na majina ya timu nyingi si ya kweli, juu Konami haikuwa na ruhusa ya kuyatumia: Liverpool inaitwa Merseyside Red. Lakini mpira wenyewe unatembea kwa uhuru, haukufungwa kwenye mguu wa mchezaji, na pasi mbaya inaadhibiwa. Mechi ya dakika kumi kati ya marafiki wawili iko na wasiwasi uleule wa siku ya kwanza.

Mashabiki nao wameuongezea maisha. Katika nchi mbalimbali, watu wanabadilisha majina, jezi na wachezaji ndani ya mchezo, kisha wanasambaza toleo hilo. Ndiyo sababu mtu anaweza kukuta diski ya 2006 yenye wachezaji wa msimu wa majuzi. Konami yenyewe iliendelea kutengeneza PES kwa ajili ya PlayStation 2 mpaka PES 2014, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2013, wakati ambapo Sony ilikuwa imekwisha kuacha kutengeneza mashini hiyo.

Upande mwingine, mpya si lazima iwe bora. Mwezi wa 9 mwaka 2021 Konami iliacha jina PES na kutoa eFootball, mchezo wa bure unaotegemea intaneti. Ulitoka na makosa mengi: sura za wachezaji zilizopotoka, miili isiyofuata mpira. Watu walicheka duniani kote, na Konami iliomba radhi. EA nayo, tangu mwaka 2023, haitumii tena jina FIFA. Mchezo wake unaitwa EA Sports FC.

Kuko tena jambo la pesa. Katika michezo mipya ya mpira, mtu anaweza kununua pakiti za wachezaji bila kujua atapata nani. Huko Ubelgiji, tume inayosimamia michezo ya kamari ilisema mwaka 2018 kwamba mambo ya namna hiyo yanavunja sheria, na mwanzoni mwa mwaka 2019 EA ilisimamisha kuuza feza ya mchezo huo katika nchi ile. Diski ya PES 6 haina kitu cha namna hiyo. Uliinunua, imekwisha. Kwa mzazi mwenye mtoto anayeshika telefone yenye pesa ndani, tofauti hiyo si ndogo.

Kupaka rangi mpya juu ya ukuta wa zamani

Kampuni zimeona kwamba watu wanapenda vya zamani, kwa hiyo zinavirudisha na picha mpya. Mara nyingine inafaulu. Mara nyingine inaharibu.

Mwezi wa 11 mwaka 2021, Rockstar ilitoa tena michezo yake mitatu ya GTA iliyotokea kwenye PlayStation 2, kati yao San Andreas ya 2004. Wanunuzi walikuta sura za watu zimeharibika na mvua iliyofunika ekrani kama nyuzi nyeupe. Kosa moja linafundisha zaidi: ukungu. Katika mchezo wa asili, ukungu ulifunika mbali, juu PlayStation 2 haikuweza kuonyesha kila kitu. Katika toleo jipya ukungu ulipunguzwa, na mtu akipanda ndege juu aliona kwamba ile nchi kubwa ya San Andreas kumbe ni kisiwa kidogo. Udhaifu wa mashini ndio uliokuwa umetoa ukubwa ule. Rockstar iliomba radhi, ikatengeneza makosa, na ikarudisha matoleo ya asili kwa wanunuzi wa ordinatere.

Inafaa wazazi wakumbuke pia kwamba San Andreas, hata ikiwa ya zamani, ni mchezo wa watu wazima. Umri wa diski haupunguzi jeuri iliyo ndani.

Hatari kubwa: mchezo kutopatikana tena

Mpaka hapa swali lilikuwa kama mchezo unapendeza bado. Lakini kuko swali lililo zito zaidi: kama unaweza kuupata.

Mwaka 2023, shirika moja la Marekani linalohifadhi historia ya michezo, Video Game History Foundation, lilichunguza michezo iliyotoka Marekani kabla ya mwaka 2010. Lilikuta kwamba asilimia 87 haiuzwi tena kwa njia ya halali. Mwenye kuitaka anapaswa kutafuta diski ao kaseti ya mkono wa pili, kusafiri mpaka mahali inapohifadhiwa, ao kutumia nakala isiyo na ruhusa.

Sababu ni nyingi. Kampuni inafunga. Ruhusa ya nyimbo ao ya majina ya wachezaji inakwisha. San Andreas ya ordinatere ilipoteza nyimbo kadhaa za redio yake mwaka 2014 juu ya jambo hilo. Na michezo inayotegemea intaneti inakufa siku kampuni inazima seva. The Crew, mchezo wa magari wa Ubisoft wa mwaka 2014, ulizimwa tarehe 31 mwezi wa 3 mwaka 2024. Tangu siku ile, hata mwenye diski mkononi hakuweza kuucheza, hata akiwa peke yake. Kisha hapo wachezaji wa Ulaya walianza kampeni ya kuomba sheria, na kufikia mwezi wa 7 mwaka 2025 sahihi zilikuwa zimepita milioni moja.

Hapa kuko jambo la kushangaza: Pac-Man ya 1980 iko salama kupita michezo mingi ya 2014. Mchezo wa zamani ulikuwa mzima ndani ya kaseti yake. Mwingi wa leo ni nusu: nusu nyingine iko mbali, kwenye seva ya mtu mwingine.

Kuko wanaopigania kumbukumbu hiyo. Jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, liliingiza michezo 14 katika hazina yake mwaka 2012, kati yao Tetris na Pac-Man. Makumbusho ya The Strong, mjini Rochester, inachagua kila mwaka michezo ya kuheshimiwa tangu 2015. Na kampuni id Software ilifanya jambo lililosaidia zaidi: mwaka 1997 iliachilia siri za programu ya Doom, mchezo wake wa 1993. Tangu hapo watu wanaiingiza katika mashini za kila aina na kutengeneza hatua mpya. Doom haitegemei tena kampuni ili kuishi.

Umeme, mega, na udongo wa Kivu

Katika majimbo ya mashariki, swali la mchezo wa zamani liko pia la umeme na la mega. PlayStation 5 ikifanya kazi inaweza kutumia karibu wati 200, na michezo yake mingi inaomba kupakua makumi ya gigabaiti. PlayStation 2 nyembamba, ile iliyotoka 2004, inatumia makumi machache tu ya wati, na diski yake haiombi intaneti. Mwenye chumba cha kuchezea anayetumia mitambo ya jua ao jenereta anajua hesabu hiyo bila kuambiwa.

Lakini mashini hizo hazitadumu milele. Jicho la kusomea diski linachoka. Vumbi linaziba. Karti ya kumbukumbu ya megabaiti 8 inapotea pamoja na misimu yote iliyohifadhiwa ndani. Kaseti nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina batri ndogo inayoshikilia kumbukumbu. Batri ikikwisha, kila ulichohifadhi kinafutika. Fundi wa kartie anayejua kusafisha jicho la diski na kubadilisha batri ndiye anayehifadhi historia, hata kama hajiiti hivyo.

Kuko pia kiungo kingine na udongo wa huku. Ndani ya vifaa vya elektroniki muna vipande vidogo vya kushikilia umeme, na vingine vinatengenezwa kwa tantali, madini yanayotoka katika koltani. Mwaka 2000 bei ya tantali ilipanda sana duniani, na mwaka 2001 ikaanguka. Watu wa Kivu wanakumbuka kipindi hicho, wakati ambapo wengi waliacha mashamba na kwenda kuchimba, na watu wenye silaha wakagombania machimbo. Juu PlayStation 2 ilitoka mwaka uleule, kuko waliosema kwamba ndiyo iliyoleta vita. Hiyo inapita kiasi: vita ilikuwa imeanza mbele, ilikuwa na sababu nyingi, na tantali ilitakiwa pia sana kwa telefone na ordinatere. Lakini ni kweli kwamba vifaa vya wakati ule vilikula madini ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo, kutengeneza mashini ya zamani badala ya kuitupa si ubahili tu. Ni kuheshimu kazi iliyoitoa ardhini.

Namna ya kupima mchezo wa zamani

Mwenye kutaka kujua kama mchezo fulani unasimama bado anaweza kuuliza maswali machache.

Kwanza: je, kanuni inaeleweka haraka, na ukishindwa unaelewa sababu? Tetris na Pac-Man zinajibu ndiyo. E.T. inajibu hapana.

Pili: ugumu wake unatoka kwa adui, ao kwa maneti? Ukipigana na maneti kupita adui, mchezo umezeeka, ao wewe hujampa saa moja ya kuzoea. Jaribu kwanza hiyo saa.

Tatu: ukiondoa picha, kunabakia nini? Mchezo uliosifiwa juu ya picha peke yake unakufa siku picha nzuri zaidi inatokea. Ule uliosifiwa juu ya mechi kati ya watu wawili unaendelea maadamu kuko watu wawili.

Ine: uko mzima mikononi mwako, ao unategemea seva ya mbali? Jibu la swali hili linaonyesha kama mtoto wako ataweza kuucheza.

Na la mwisho ni kumpa mtu ambaye hakuukua nao. Mtu mzima anayesifu mchezo wa utoto wake anaweza kuwa anasifu utoto, si mchezo. Mtoto wa miaka 10 hana kumbukumbu hizo. Ikiwa anaomba "tena moja," mchezo unasimama. Ikiwa anarudisha maneti bila neno, basi umechoka, hata kama uliuzwa mamilioni.

Kwa ujumla, picha inazeeka haraka, namna ya kushika maneti inazeeka polepole, na kanuni nzuri karibu haizeeki. Kinachoiua kanuni nzuri leo ni diski iliyokwaruzika, mashini iliyotupwa, na seva iliyozimwa na mtu ambaye hakukuuliza.